TAHARIRI: KATA KAMBA YA WAYA



Kila mvua zikianza tunaandika hapa ubaoni habari za mbegu. Safari hii ni umeme, maana umeme na maji vikikutana mwilini mwa mtu hakuna mjadala.

Sisi wa Kamati ya Tawi pamoja na wajumbe wa Bodi tumepita kwenye kaya. Tuliyoyaona hayafai. Kamba za kuanikia nguo ni za waya, zimefungwa kwenye paa la bati, na umeme nao unaingilia hapo hapo juu ya bati. Waya ukichubuka ukagusa bati, paa zima lina umeme, na kamba pia. Anayekuja kuanika ni mama, mikono imelowa, miguu peku kwenye matope. Volti 230 za nyumbani zinatosha kabisa kuua. Kamba ya katani ipo sokoni, tena kwa hela ndogo. Hiyo ya waya ikatwe leo!

Halafu mafundi. Bei ya kuunganishiwa umeme kijijini iliwekwa shilingi 27,000, lakini waya za ndani ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo tunapotaka rahisi. Kijana aliyewahi kufungua redio anaitwa fundi. Waya wa ardhini anauruka, eti ni gharama. Ndugu, waya huo wa kijani na njano, unaokwenda kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini, ndio unaoupa umeme uliovuja njia ya kwenda chini ili swichi ikate. Ukikosekana, njia ni wewe. Fundi wa haki ana leseni ya EWURA. Akuonyeshe kabla hujamlipa.

Wenye makarasha na pampu za mashimoni ndio wametuudhi zaidi. Waya zimeungwa kwa nailoni, zimelazwa majini, na kijana anapita juu yake amelowa mpaka kiunoni. Faida ya tajiri, kifo cha kibarua. Walanguzi wa zamani walikuwa hivyo hivyo.

Waya wa nguzo ukianguka, usisogee. Tarehe 2 Februari 2022 huko Kinshasa, soko la Matadi-Kibala, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia sokoni penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wafanyabiashara. Basi kaa mbali hatua kumi na zaidi, zuia watoto na ng'ombe, piga TANESCO namba 180. Usiuguse hata kwa mti mkavu, kwani waya za nguzo kubwa hubeba mpaka volti 33,000.

Mtu akipigwa shoti nyumbani akanaswa, usimshike. Zima swichi kubwa. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, msukume kwa mti mkavu. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa ni kupoteza muda. Kama hapumui, mlaze chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, huku mwingine anatafuta usafiri. Hata akiamka anacheka, apelekwe kituo cha afya, maana moyo unaweza kuleta matata baadaye.

Na radi ni umeme huo huo. Tarehe 27 Januari 2025, hapo jirani Bukombe, shule ya sekondari Businda, radi iliua wanafunzi 7. Wapo kati yetu ambao radi ikipiga wanaanza kumtafuta mchawi. Wakati wanamtafuta, mwenzao amejikinga chini ya mwembe! Ukisikia ngurumo toka shambani, ingia nyumbani, chomoa redio na runinga.

Jumamosi saa 3 asubuhi tunakagua waya, tukianzia ghala la ushirika wenyewe, halafu mashine ya kusaga. Wenye makarasha waje na mafundi wao, na leseni mkononi.

Katibu wa Tawi