Ujira wa Mtafuta Warithi

Wapo watu Uingereza wanaokula kwa kuwatafutia marehemu ndugu zao. Mtu akifariki London au Leeds bila wosia, asijulikane mke, mtoto wala jamaa, mali yake hushikwa na idara ya serikali inayosimamia mali zisizo na mwenyewe, na kwa miaka mingi idara hiyo imekuwa ikitangaza majina ya marehemu wa namna hiyo hadharani. Jina likitoka, kampuni kadhaa huanza kukimbizana. Hupekua daftari za vizazi, ndoa na vifo ambazo nchi hiyo imeziweka tangu mwaka 1837, hupanda kwa babu na kushuka kwa wajukuu, hadi zimpate binamu aliyeko Australia au Mombasa. Kisha binamu huyo huletewa barua: anaarifiwa kwamba huenda ana haki katika mirathi, naye anaombwa atie sahihi. Jina la marehemu halitajwi, kiasi cha mali hakitajwi. Kinachotajwa ni asilimia.

BBC ilianza kuonyesha mbio hizo katika televisheni mwaka 2007, na tangu hapo kila mtu huko ana maoni yake. Wengine huwaita watu hawa wanyonyaji wanaojitajirisha kwa misiba. Wengine huwaombea dua, kwa kuwa bila wao wasingeonja hata pauni moja. Mimi sioni kosa katika kazi yenyewe. Kosa liko katika kipimo cha ujira wake, na ndilo ninalotaka tuliangalie.

Tuanze kwa kuwatendea haki. Mtafuta warithi hununua vyeti kwa fedha zake na huwalipa watafiti wake mshahara kabla hajajua kama marehemu aliacha nyumba au madeni. Huenda jina ni Smith, nao wamejaa nchi nzima. Huenda wosia ukaibuka mwezi wa tatu, au kampuni nyingine ikamfikia mrithi jana yake, na gharama zote zikapotea. Anayebeba hatari ya namna hiyo hastahili kulipwa kwa asante. Tena kazi yake ina faida kwa umma: haki iliyokuwa imelala huamshwa na kurudishwa kwa mwenyewe.

Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme marehemu aliacha nyumba na akiba, jumla pauni 300,000, na warithi ni binamu 15 waliotawanyika. Kampuni inadai asilimia 25. Fungu la kila binamu ni pauni 20,000, naye atatoa 5,000. Juu yake, kama mkataba umeandikwa hivyo kwa herufi ndogo, itaongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni asilimia 20 ya ada. Kwa hiyo atatoa 6,000. Anajisemea, si haba, fedha zenyewe sikuzijua. Anatia sahihi. Binamu wa pili naye hivyo hivyo, na wa kumi na tano. Kila mmoja anaona elfu sita zake tu. Hakuna anayeziona elfu tisini zilizotoka katika nyumba ya mtu mmoja. Na mti wa ukoo uliochorwa kumfikia binamu wa kwanza ndio huo huo uliowafikia wengi wa waliobaki.

Asilimia haitofautishi kazi na kazi. Familia yenye jina adimu iliyopatikana kwa asubuhi moja, na familia iliyochukua mwaka kupatikana, zote zinatozwa vilevile. Tena, dalali wa nyumba wa Dar es Salaam, tunayemlalamikia kila siku kwa kutoza kodi ya mwezi mzima, walau hukupeleka ukaione nyumba kwanza, ukagonga ukuta na kufungua bomba. Mtafuta warithi anakutaka ukubali bei ya kitu ambacho hujaonyeshwa.

Watajibu: asiyejua ana mali hana cha kupoteza. Hoja hii ni tamu, na ndiyo iliyowapotosha wengi. Haki ya mrithi katika England na Wales haitoki kwa kampuni. Inatoka katika sheria ya usimamizi wa mirathi ya mwaka 1925, inayotaja nani anarithi na kwa utaratibu gani: mwenza wa ndoa na watoto, kisha wazazi, ndugu, babu na bibi, ami na mashangazi pamoja na vizazi vyao. Asiye na hata mmoja wa hao, mali yake huenda kwa Taji. Aliyemo katika mstari huo anaweza kuiandikia idara mwenyewe, akaambatisha mti wa ukoo na vyeti, na fungu lake halitakatwa senti ya kumlipa mtafuta warithi. Wala hakuna sababu ya kukurupuka. Idara hupokea madai ndani ya miaka 12 tangu usimamizi wa mirathi ukamilike, na huweza kuyafikiria hata hadi miaka 30 tangu kifo. Barua inayokuhimiza uijibu kabla ya Ijumaa ina haraka ya mwenye barua, kwa sababu mshindani wake yuko njiani.

Nchi nyingine zimeweka ukingo. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2006, hairuhusu mtu kuanza kutafuta warithi mpaka apewe idhini na mwenye maslahi halali ya moja kwa moja katika mirathi hiyo. Jimbo la California, kwa mali zilizokwisha kuingia mikononi mwa serikali, limewawekea wanaozifuatilia kikomo cha asilimia 10. England haidai hata leseni. Mwenye simu na kompyuta aweza kuamka kesho akajiita mtaalamu. Mahali kama hapo ulinzi wa mrithi ni jina jema la kampuni tu, na jina jema haliletwi na matangazo. Kampuni hizi zikiajiriwa na mawakili hukubali kulipwa kwa saa, au kwa bei maalumu, kutoka katika mirathi yenyewe, na ada ikaonekana na warithi wote kwa pamoja. Ustadi ni ule ule. Basi wasituambie kwamba asilimia ndiyo njia pekee.

Mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi, ambao mrithi wetu hatafutwi bali hujitokeza kabla tanga halijaanuliwa? Yanatuhusu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, fedha zilizolala benki, katika bima, hisa na hata simu hukusanywa na mamlaka ya serikali. Mamlaka hiyo haitozi ada mtu kutafuta jina lake wala kudai, ila wapo wanaowalipa watu wa kati kwa jambo hilo hilo la bure. Na nani Zanzibar au Mombasa hana mjomba aliyekwenda Uingereza zamani akanyamaza?

Mjomba huyo akifa bila wosia, mali yake haitagawanywa kwa mafungu ya faraidh, hata angekuwa imamu. Itafuata sheria ya huko. Mke aliyemuoa huko kwa nikahi tu, bila ndoa kusajiliwa serikalini, hatahesabiwa mke. Ndugu mlioko ughaibuni, andikeni wosia. Nanyi mliobaki nyumbani, andikeni majina: nani alizaliwa na nani, mwaka gani, akaenda wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na biashara yote hii inasimama juu ya familia zilizoacha kuandikiana.

Matapeli nao wameinusa harufu. Anayekuandikia kuhusu urithi wa Uingereza kisha akataka umtumie fedha za kufungulia faili, achana naye. Kampuni ya kweli hukata chake mirathi ikishalipwa, haikuombi nauli.

Ikija barua ya kweli, usiitupe na usiisaini. Waulize wazee kwanza nani katika ukoo alifia huko, maana huenda jina mnalo tayari ndani ya nyumba. Ikishindikana, iandikie kampuni ikujibu kwa maandishi: ada yake ni kiasi gani kodi ikiwemo, warithi wenzako ni wangapi nao wanatozwa ngapi, na gharama za wakili atalipa nani. Asilimia hizo hazikuteremshwa kutoka mbinguni. Zikija barua za kampuni tatu katika juma moja, mwandikie wa kwanza umwambie wa pili amekubali ngapi.