Kabla ya Kupanda Mtumbwi

Kila likizo ikaribiapo, watoto wa Bukavu huwauliza wazazi wao: “Lini tutakwenda kuvua?” Swali hilo ni jema. Ziwa letu la Kivu liko juu katikati ya milima, yapata mita 1,460 toka usawa wa bahari, na uzuri wake hauhitaji safari ndefu. Lakini safari ya ziwani hutengenezwa nchi kavu, wala si majini.

Kwanza tutazame mwezi. Mwaka mmoja tuliwaahidi wanafunzi kuwaonyesha uvuvi wa sambaza, tukafika ufukoni mwezi ukiwa mpevu. Nyavu zilikuwa zimeanikwa. Wavuvi wakatucheka kwa adabu. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, nayo huitwa ekipe. Samaki hukusanyika chini ya mwanga, na wavu huinuliwa. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa haina nguvu. Basi, yafaa kuchagua usiku wa giza.

Samaki hao ni wageni kwetu: waliletwa toka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo wazalisha kitoweo cha nyumba nyingi. Ziwa lina kina cha mita 480 na zaidi, lakini samaki hukaa katika maji ya juu tu. Chini hakuna hewa ya kuvuta, ila gesi. Kwa hiyo akiba yetu si kubwa kama ziwa lionekanavyo. Anayevua kwa chandarua cha mbu akomba hata vifaranga, na mwakani atakosa. Watoto wapewe ndoana, wakavue mchana kando ya ziwa.

Sasa jambo kubwa: chombo. Siku moja tulikodi mtumbwi wa watu sita, nasi tukawa tisa. Tuliona haya kumwambia mtu abaki. Hatujaenda mbali upepo ukavuma, maji yakaingia, tukarudi tukiyateka kwa vikombe vya chai. Hakufa mtu, lakini tulipowatazama wale watoto wakitetemeka ufukoni, tulitambua kwamba haya yetu ingeweza kuwazamisha. Wengine hawakurudi: tarehe 3 Oktoba 2024 chombo MV Merdi, kilichopakia kupita kiasi, kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa.

Basi, enyi wazazi na walimu, hesabuni watu siku moja kabla. Wakizidi, wagawanyeni zamu mbili. Mwenye chombo akisema, “Ingieni tu,” kiongozi wa safari ajibu, “Hapana,” hata kama mgeni atakasirika. Kila mtoto avae boya la kuokolea. Tena, tangu vita ilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, ulizeni kwanza kwa wavuvi kama njia ya majini ni salama. Wakisita, bakini ufukoni.

Hata huko ufukoni hamtakosa furaha. Jioni ekipe zitatoka moja baada ya nyingine, na nyimbo za wapiga makasia zitawafikia. Alfajiri zitarudi, hapo nunueni sambaza, mkawakaange nyumbani, mkiwa wote, kwa hesabu ile ile mliyotoka nayo.