Pikapu za vijijini: tusidanganywe na upya wa injini



Natoa maoni yangu kuhusu ununuzi wa pikapu za dizeli kwa kazi za vijijini. Nilikuwa katibu wa kamati ya wananchi iliyokosea jambo hili, na nisingependa wenzetu warudie kosa letu.

Kijiji chetu kilichanga fedha za viazi kwa misimu miwili, tukanunua pikapu iliyotumika ya kubebea mazao na wagonjwa. Fundi mzee alitushauri tutafute yenye injini ya zamani isiyo na kompyuta. Tulimcheka, tukachukua ya kisasa yenye turbo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Dizeli tulinunua kwa madumu. Mwezi wa tano nozeli zilikufa, na hapakuwa na fundi karibu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Pikapu ilivutwa na lori hadi mjini. Wakati huo mama mmoja mwenye uchungu alipelekwa hospitali kwa pikipiki, usiku, kwenye mvua. Namshukuru Mungu alijifungua salama.

Tuzilinganishe injini kwa haki. Tuchukue za Toyota, zinazojulikana sana nchini. Injini ya 5L na ya 1KD zote zina karibu lita 3. Katika 5L, pampu husukuma dizeli kwenda kwenye kila nozeli kwa nguvu ya mitambo tu. Ndivyo ilivyo pia kwa 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6 na lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Fundi wa kawaida anaweza kuzifungua na kuzirekebisha. Lakini hazina turbo, hutoa moshi, na huchoka upesi kwenye milima mirefu ambako hewa ni nyepesi.

Injini ya 1KD ina turbo, na nguvu yake huishinda hata ile 1HZ yenye lita nyingi zaidi. Hata hivyo dizeli yake hukaa kwenye bomba moja kwa msukumo wa zaidi ya baa 1,000, na kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli zifunguke. Vitundu vya nozeli hizo ni vidogo mno. Maji kidogo au vumbi likipenya, basi. Injini ya 1GD ya lita 2.8, iliyotoka mwaka 2015, inafuata njia hiyo hiyo.

Je, tatizo ni dizeli ya nchi yetu? Sidhani. Serikali ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuzuia uchakachuaji, na tangu mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu salfa kuzidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli yetu sisi iliharibikia kwenye madumu machafu, na hilo ni kosa letu wenyewe.

Kwa hiyo sisemi injini mpya ni mbaya. Kijiji kilicho karibu na kituo cha mafuta na karakana yenye vifaa kitafaidika nayo. Kisicho na hivyo kitafute injini ya zamani, kivumilie moshi wake. Na yeyote mwenye injini mpya achuje dizeli, amwage maji yanayokusanyika chini ya filta, na abadilishe filta kwa wakati.

Nawaomba wahusika wa halmashauri watoe ushauri wa ufundi kwa vikundi vya wananchi kabla ya ununuzi, si baada ya hasara. Aidha mafundi wa wilayani wapewe mafunzo na vifaa vya kupima injini hizi. Gari la kijiji si pambo. Likilala, kuna mtu atakayebebwa kwa machela.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete, Njombe.