Nani Aseme "Turudi"?

Kumezuka mtindo mpya kwetu huku chini ya Mlima Kenya. Zamani aliyepanda mlima kwa kujifurahisha alikuwa Mzungu, na mtu wetu alikuwa mpagazi wake. Siku hizi hata bwana na bibi yake, wakipata sikukuu iliyoungana na Jumamosi na Jumapili, hufunga mizigo, hukodi hema, wakaenda kulala huko juu ili waione theluji kwa karibu. Wazee wengine wanauliza, "Wamepoteza nini huko?" Mimi siwalaumu. Watu waliochoshwa na shamba, duka na karo za shule wakitembea pamoja siku tatu bila simu kulia, hilo ni jambo jema. Wengi wetu hatujazungumza na wake zetu saa nzima mfululizo tangu siku ya arusi.

Lakini lipo jambo ambalo yafaa walipatane kabla ya kutoka nyumbani, nalo ndilo ninalotaka kuwaambia leo.

Itazameni safari yenyewe. Wengi hupita njia ya Sirimon. Mlango wa hifadhi uko mita 2,650 juu ya bahari. Siku ya kwanza watu hulala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili hutembea kama kilomita 14 hadi kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi, ambapo pimbi huja mpaka mlangoni pa hema kuomba makombo. Saa nane za usiku huamshwa, wakapanda gizani ili jua liwakute kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985. Batian na Nelion ni virefu zaidi, lakini hivyo ni vya watu wa kamba na vyuma. Baada ya hapo huteremka mbio, maana Jumatatu kuna kazi.

Sasa sikilizeni wasemavyo waganga. Mtu akishapita mita 3,000, asilale usiku mmoja mahali palipozidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Ndiyo kusema safari hii ya siku tatu imevuka kipimo tangu mwanzo, hata kama miguu ni mizima na moyo una furaha. Hewa ya Lenana ni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya Mombasa. Mwili huweza kuizoea, ila hutaka siku, nao haujali kama sikukuu imekwisha.

Mtu asidhani ugonjwa huo huwachagua wazee na wanyonge. Huwapata sana vijana wenye nguvu, kwa kuwa wao ndio wapandao upesi. Huanza na kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kuchukia chakula. Ukizidi, maji huingia mapafuni, mtu akahema hata akiwa amekaa, akakohoa, midomo ikageuka rangi. Au ubongo huvimba, akayumba kama mlevi na kusema yasiyoeleweka. Hapo kifo ki karibu, wala si cha siku nyingi. Chaweza kuja kabla ya asubuhi.

Wapo bwana na bibi wa parokia yetu, ambao ndoa yao niliiandika kitabuni kwa mkono wangu. Yeye ana duka, bibi ni mwalimu. Walipanda katika sikukuu ya siku tatu, na watu wote tulimhofia bibi, maana ni mwembamba. Kufika Shipton, bibi alikula. Bwana aliketi akiuangalia moto.

"Baba Watoto, chai yako imepoa."

"Sitaki. Ni mafua tu."

Baadaye bibi akamwona anahangaika na kamba za viatu, vidole havimtii. Akamwita kiongozi wa safari. Yule kijana hakubishana, alimwambia tu, "Mzee, tembea mpaka kwenye lile jiwe, kisigino mbele ya vidole, kama mtu apitaye juu ya gogo." Bwana akapiga hatua tatu, akaanguka ubavuni.

"Basi," akasema bibi. "Tunateremka."

"Usiku huu? Nimelipa fedha zote hizi nirudi bila kufika? Sokoni watanicheka!"

Alisema na maneno mengine makali, ambayo bibi hakuyajibu wala mimi siyaandiki. Alipiga magoti akamfunga viatu, akambebesha mpagazi blanketi, wakashika njia kwa mwanga wa tochi, bwana kati ya watu wawili. Palipopambazuka walikuwa Old Moses, na bwana akaomba uji. Hakupewa dawa yoyote kubwa. Dawa ilikuwa kuteremka.

Tafadhali angalieni hapo, hasa ninyi wanaume wenzangu. Bwana yule si mkaidi kwa tabia. Dukani hukopesha mpaka anapata hasara. Lakini ubongo ukikosa hewa, kilichoharibika ndicho kile kile kitumiwacho kupima mambo. Mgonjwa anajiona mzima, anafanya hesabu ya fedha zake, anaogopa kuchekwa. Kumwachia aamue ni kumpa mlevi usukani kwa sababu gari ni lake. Mkubwa wa nyumba ni mkubwa nyumbani. Kule juu, neno ni la yule mwenye kichwa kizima, awe bwana au bibi, na kiongozi wa safari akisema rudini, basi hakuna shauri tena.

Kwa hiyo patanieni nyumbani, mkiwa mmeshiba na akili zimetulia. Bwana aseme mbele ya bibi, na bibi mbele ya bwana: "Ukiniona nayumba, nirudishe, hata nikikutukana." Tena asiyeumwa asimwache mwenzake hemani eti akimbilie kileleni mara moja halafu arudi. Tuliahidiana mbele ya padre, katika afya na katika ugonjwa. Hatukuweka masharti ya mita ngapi. Na maumivu ya kichwa yasifichwe. Mwenye kuficha anamnyima mwenzake njia ya kumsaidia.

Mengine ni madogo, lakini yanasumbua. Msibebe maharage mabichi: kwenye kambi ya Shipton maji huchemka yakifika digrii 86 hivi, nayo maharage yatawapita usiku mzima bila kuiva. Chukueni unga wa uji, viazi, na chakula kilichokwisha kupikwa. Nguo za pamba zikilowa jasho hugeuka barafu mwilini. Sweta ya sufu ya mitumba ni bora kuliko shati jipya. Miwani ya jua si mapambo, maana jua likipiga juu ya theluji huunguza macho. Kunyweni maji hata kama hamna kiu. Pombe iacheni chini, ili mwenye kuyumba ajulikane anayumba kwa nini.

Na kama sikukuu ni ya siku tatu tu, nani amewalazimisha Lenana? Laleni Old Moses siku mbili, mpande mchana mpaka penye lobelia ndefu kama watu, mtazame vilele vyeupe, mrudi kulala pale pale. Mtakuwa mmepumzika kweli. Wanaorudi kutoka juu kwa mbio niwaonapo Jumatatu hawafanani na watu waliokuwa likizo.

Bwana na bibi yule walirudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, safari hii kwa siku sita, wakalala usiku wa ziada njiani. Walifika Lenana wote wawili, bibi akiwa wa kwanza kwa hatua kama ishirini. Picha yao iko dukani, juu ya magunia ya sukari. Wateja huuliza theluji iko wapi, kwa maana nyuma yao ni mawe matupu na kipande cha barafu chenye rangi ya majivu. Hiyo ndiyo barafu ya Lewis, ambayo zamani ilijaza bonde lile lote.