KISUKARI: TUSIMSINGIZIE MUNGU



Huku kwetu Ugogo, watu watokapo makaburini wakikung'uta mavumbi, karibu kila mmoja husema neno lile lile: "Ni mapenzi ya Mungu." Ni neno jema, nami sithubutu kulidharau, kwa maana limewafariji wajane na yatima wengi. Walakini nimeazimu kusema waziwazi kwamba mara nyingine twalitumia kama mtu atandikaye mkeka juu ya shimo alilolichimba mwenyewe. Nami nitaanza na shimo nililolichimba mimi.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Oktoba, wakati jua letu liwakapo kabla ya mvua, darasani mwangu alikuwamo msichana wa miaka 12. Kutwa alikunywa maji, na kila baada ya muda mfupi aliomba ruhusa kwenda nje. Siku moja nilimruhusu mara tatu. Mara ya nne nikamkatalia, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana haja yo yote, bali azikimbia hesabu. Akaketi. Baadaye akajikojolea, na wenzake wakacheka. Kiu ile niliidhania kuwa ni ya jua. Mwili wake ulikuwa umekonda hata sare yake ikampwaya, na hilo nalo niliona, nisilitafakari.

Mama yake hakuwa na elimu yangu, lakini alikuwa na macho. Akampeleka hospitali, na damu ilipopimwa alionekana ana kisukari. Akaanzishiwa sindano za insulini, na baada ya majuma machache akarejea shuleni amenona, tena mchangamfu. Karibu mwaka mzima alikaa vema. Kisha Oktoba ikarudi. Chupa za dawa ziliwekwa juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, mahali ambapo wakati wa adhuhuri hata mshumaa hulainika. Dawa ikapoteza nguvu. Mtoto alidungwa kila siku, na kiu ikarudi vile vile. Ndipo wakatokea wenye kujua yote. Huyu akasema, "Mwaona? Huu ni uchawi." Yule akasema, "Mmeitegemea chupa kuliko Bwana. Iacheni, mwombeni tu." Wakaiacha. Siku ya tatu alitapika, akahema kwa nguvu kama aliyekimbia mbio, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alifia njiani kwenda hospitali. Makaburini tulisema neno letu, nami nililisema pamoja na wenzangu, hali moyo wangu ukinishitaki.

Je, ni Mungu aliyempenda mtoto huyu hata akamtwaa kwa joto la bati? La hasha! Mungu alikuwa amekwisha kutufungulia njia. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini katika kongosho za wanyama. Mwezi wa Januari 1922 kijana mmoja wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda na kukaribia kufa, alidungwa dawa hiyo, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana ila kungojea kaburi. Tena haki ya uvumbuzi huo ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu. Miaka mia na zaidi imepita tangu njia hiyo ifunguliwe, nasi twaifunga kwa uvivu na ujinga, kisha twaandika jina la Mungu juu ya mlango.

Sasa nataka kushindana na maneno matatu yasemwayo barazani mwetu.

Neno la kwanza ni hili: "Kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini." Zamani neno hili lilikaribia kweli. Mwaka 1989 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, nao ulimkuta mgonjwa 1 hivi katika watu wazima 100. Uchunguzi wa mwaka 2012, uliopima watu wa nchi yetu wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta 9 hivi katika 100. Vipimo vya nyakati hizo mbili havikuwa vya namna moja, lakini hata kipofu aweza kupapasa tofauti hiyo. Tena kuna namna mbili kubwa za ugonjwa huu. Moja huwapata hasa watoto na vijana, kongosho ikiacha kutoa insulini. Hiyo haiji kwa kula sukari, wala si kosa la mtoto, wala si laana ya mama yake. Ya pili huwapata hasa watu wazima, nayo huletwa na mambo mengi, kama urithi wa ukoo, unene, kukaa bila kazi ya mwili, na vyakula vyetu vya siku hizi. Hii ya pili mara nyingi yaweza kuzuiwa, au kucheleweshwa. Mtu aendaye dukani hatua mia mbili kwa bodaboda, ambaye babake alilima tangu alfajiri, asiseme kwamba yeye si tajiri, hivyo yu salama.

Neno la pili: "Mwenye imani hahitaji dawa." Wasemao hivi na wafungue Biblia zao. Mfalme Hezekia aliugua hata kufa, akalia mbele za Mungu, na Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Je, kisha ilikuwaje? Nabii Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu lake. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na dawa ikawekwa vile vile! Basi na tuombe, tena tuombe sana, lakini amwambiaye mtoto aache insulini asijiite mtu wa imani. Yeye ajaribu Mungu kwa roho ya mtoto wa mwenziwe. Na mgonjwa atapikaye au ashindwaye kula asiiache sindano kwa sababu hiyo, bali akimbizwe hospitali upesi, maana siku hizo ndizo za hatari kuliko zote.

Neno la tatu ni tamu, nalo husemwa na watu wema: "Kidogo tu, hakitadhuru." Mgonjwa akifika nyumbani kwa mtu wakati wa jua kali, heshima yetu ni kumpa soda. Akikataa, mwenye nyumba hununa: "Umetudharau." Arusini ni hivyo, ubatizoni ni hivyo, hata matangani chai hutiwa sukari mpaka kijiko chasimama. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida huwa na sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko 8 vya chai. Ni nani kati yetu awezaye kumpa mgeni vijiko 8 vya sukari mkononi, akamwambia, lamba? Tena jambo lenyewe ni baya zaidi wakati wa joto, kwa maana sukari ikizidi katika damu humfanya mtu akojoe sana, na akikojoa sana maji humpungukia, na maji yakipungua sukari huzidi kukolea, na kiu ikazidi. Basi kumpa soda ili kuzima kiu hiyo ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha upofu, cha mafigo yaliyoharibika, na cha miguu iliyokatwa.

Huenda mtasema, "Mwalimu, umelaumu vya kutosha. Tufanye nini?" Nitajibu, na yote nitakayosema ni madogo.

Dawa iwekwe mahali pa baridi. Chupa ya insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa katika jokofu, baridi ya digrii 2 hadi 8, wala isigande, maana ikiganda imekufa. Chupa iliyofunguliwa, kwa namna nyingi za insulini, hutumika kwa muda wa majuma manne hivi, ikiwa joto halipiti digrii 30. Asiye na jokofu asikate tamaa. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, pamoja na shirika la Médecins Sans Frontières, walitangaza kwamba wameijaribu insulini katika joto kama la kambi ya Dadaab huko Kenya, digrii 25 usiku na 37 mchana, nayo ikadumisha nguvu zake kwa majuma manne. Lakini hilo si ruhusa ya kuiweka chini ya bati, wala juani, wala karibu na meko. Chukueni chungu kikubwa cha udongo, kitieni mchanga, wekeni ndani yake chungu kidogo, mkaulowanishe mchanga kwa maji asubuhi na jioni. Chupa ya dawa itiwe katika kopo kavu lenye kifuniko, kopo likae ndani ya chungu kidogo, na juu yake kitambaa kibichi. Maji yakauka, chungu chapoa. Na katika nchi kavu kama Ugogo chapoa vizuri kuliko pwani kwenye unyevu. Bibi zetu walijua kupoza maji kwa mtungi, na babu zetu walijenga tembe zenye dari la udongo, ambamo adhuhuri mtu hupata baridi. Sisi tumepata bati, tukasahau mtungi.

Maji yanywewe mara kwa mara kabla kiu haijakaba, nayo yawe maji matupu, safi, yaliyochemshwa. Kazi ya shamba ifanywe alfajiri na jioni, kwa maana kutembea na kulima ni dawa mojawapo. Wataalamu hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma. Chakula kisiwe adui, bali kipimwe. Ugali uwe kidogo, hasa wa sembe nyeupe, na mlenda, mchicha, kunde na maharage vijaze sahani. Uji wa uwele usitiwe sukari. Embe moja si dhambi, lakini ndoo ya maembe chini ya mti ni jambo jingine.

Miguu itazamwe kila jioni, juu na chini na katikati ya vidole. Kisukari cha muda mrefu huua fahamu ya nyayo, hata mtu akakanyaga mchanga wa moto akaungua, au mwiba ukamwingia, au panya akamguguna usiku, asisikie. Asitembee peku hata uani. Viatu vya tairi ni imara, lakini huacha vidole wazi kwa miiba na huweza kuchubua. Avitafute vya kufunika, visivyobana. Kidonda kidogo kama punje ya mtama kipelekwe zahanati siku ile ile.

Tena jueni ishara hii, nyote mlio wazima, maana mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuisema. Atumiaye insulini, na hata baadhi ya watumiao vidonge, sukari yake yaweza kushuka mno, chini ya milimoli 4 kwa lita ya damu. Hapo hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo, nasi kwa kuwa ni wakati wa joto twasema, "Ni jua," au twasema, "Amelewa." Wakati huo, na wakati huo ndio, apewe sukari vijiko 3 au 4 katika maji, angojewe dakika 15, na asipopata nafuu apewe tena. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mbio.

Na mwenye kiu isiyokoma, akojoaye usiku mara nyingi, akondaye bila sababu, na apimwe damu. Mtu mzima asiyekula tangu jioni akionekana asubuhi ana milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikasema vivyo hivyo, ana kisukari. Lakini mtoto mwenye dalili hizi asingojeshwe hata siku moja. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mnamkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu. Alipoambiwa aoge mara saba katika Yordani alikasirika, kwa sababu alitazamia jambo kubwa. Waliomwokoa ni watumishi wake, watu wasio na jina, waliomsihi alikubali jambo dogo. Nasi hivyo tungali twataka jambo kubwa: mganga wa mbali, mkutano wa miujiza, dawa ya kumaliza ugonjwa kwa siku moja. Tukiambiwa mtungi, viatu, maji matupu na sindano ya kila siku, twageuka na kwenda zetu kwa hasira. Wazee wa kanisa, akina mama, walimu wenzangu, natuwe watumishi wale wa Naamani katika kila nyumba yenye mgonjwa.

Nami sasa, mtoto aombaye kwenda nje mara ya nne, namruhusu. Na jioni ile ile naenda kwao kusema na mama yake. Sikufanya hivyo kwa yule wa kwanza. Nitaulizwa habari zake siku moja, wala sitajibu kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu, Ugogo.