Eti "bodaboda wamezidi"... na wewe je?

Wadau, leo nina la moyoni, na najua wenye magari mtanuna.

Juzi jioni pale Tabata, foleni imegoma, nikaamua kushuka kwenye gari la rafiki yangu nitembee. Nikafungua mlango wa kushoto bila kuangalia nyuma. Kijana wa bodaboda akapinda ghafla, akaukosa mlango kidogo sana. Alikuwa amepakia mama mwenye mtoto mgongoni! Na unajua neno la kwanza lililotutoka mle ndani ya gari? "Hawa bodaboda wamezidi!"

Hivi alikuwa amezidi nini? Taa kawasha, mwendo wa pole. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na kelele nikapiga mimi.

Najua mtasema. Wapo wanaopita taa nyekundu, wanaobeba mishikaki, wanaojiingiza njia ya mwendokasi. Siwatetei, trafiki wawakamate. Lakini kosa la yule haliwi ruhusa ya wewe kumgonga huyu.

Sasa tuje kwetu. Unachomekea bila indiketa. Unakata kulia mbele ya pikipiki inayokuja kwa sababu umeiona ndogo, ukadhani bado iko mbali. Unasoma meseji huku unaendesha. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde 2 za meseji ni mita 28 ambazo huoni kitu. Bodaboda akikwepa shimo hapo katikati, umeshampitia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilisema watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na 21 katika kila 100 walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Wewe una bampa na mkanda. Yeye ana helmeti, abiria wake mara nyingi hana hata hiyo. Mkigongana, wewe unakwenda kwa fundi wa kunyoosha bodi, yeye anakwenda MOI pale Muhimbili.

Tunachotakiwa kufanya wala si kigumu. Kabla ya kuhama njia, angalia saiti mira halafu geuza shingo, maana kuna sehemu kioo hakifiki. Ukimpita, mwachie nafasi kama unapita gari. Mlango ufungue kwa mkono ulio mbali nao, mwili utageuka wenyewe na macho yataona nyuma. Hayo hayasubiri sheria mpya wala mfadhili.

Na tuache unafiki jamani. Huyo huyo unayemtukana asubuhi ndiye unayempigia simu ukichelewa usaili, aje akuwahishe. Siku hiyo nyuma ya pikipiki utakaa wewe, ukiomba Mungu mwenye gari la mbele aangalie kioo.

Anayebisha na abishe. Mimi nimeshasema.