Wimbo Si Kitangulizi cha Mahubiri

Ibada imetangazwa saa tatu. Saa tatu na nusu bado watu wanashuka kwenye matatu pale Ngong Road na Mbagathi, hawana haraka, na ukiwauliza watakwambia hawajachelewa: wanaimba tu, Neno halijaanza. Fikra hii imekaa hata mimbarini. Ratiba ikibana, kinachokatwa ni ubeti wa tatu na wa nne. Mahubiri hayapunguzwi hata dakika. Waliosoma wanaitetea kwa hoja nzito zaidi: imani ni ufahamu, wimbo ni hisia, na ngoma ikipamba moto akili hulala. Kwa hiyo nyimbo ni za kuwachangamsha watu wakisubiri ibada yenyewe.

Naipinga fikra hiyo, na sababu zangu ni za imani yenyewe.

Nenda Kenyatta Market hapa Nairobi siku ya Jumanne, upande wa wasusi. Mteja amekaa kwenye kiti cha plastiki, wasusi wawili au watatu wamemzunguka, kila mmoja na sehemu yake ya kichwa. Rasta ndogondogo ni kazi ya saa nyingi, na redio imefunguliwa kwenye stesheni ya injili. Pambio linaanza. Mmoja analidaka bila kuinua macho, mwenzake anaingia na sauti ya pili, na mteja naye anaitikia huku kichwa chake kimeshikwa. Vidole havisimami. Sasa waulize mhubiri alisema nini juzi Jumapili. Mmoja atakumbuka kisa alichosimulia, mwingine atakumbuka kwamba alihubiri vizuri. Sisemi mahubiri hayana kazi. Nayapenda, na mhubiri aliyejiandaa ni baraka kwa kanisa. Nasema kilichofika sokoni, katikati ya nywele na moshi wa nyama choma wa upande wa pili, ni wimbo. Na ndani yake mna mafundisho: nani ameumba, nani amekufa na kufufuka, kwa ajili ya nani, na tunangojea nini. Huyo msusi hajawahi kukalia kiti cha chuo cha theolojia, lakini anakiri imani yake mara nyingi kwa siku, kwa maneno yaliyopangwa vizuri kuliko atakayoyapata akiulizwa ghafla aeleze anaamini nini.

Paulo alilijua hili. Alipowaandikia Wakolosai wafundishane na kuonyana, alitaja papo hapo zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni. Kwake kuimba ni namna ya kufundisha. Na mtu wa nje wa kwanza kutuachia maelezo ya ibada ya Wakristo, gavana Pliny wa Bithynia, alimwandikia Kaisari Trajan mnamo mwaka 112 kwamba watu hawa hukutana kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kwa kupokezana kama anavyoimbiwa mungu, hujifunga kwa kiapo wasiibe wala wasizini, kisha baadaye hukutana tena kula. Mahubiri hakuyataja. Bila shaka yalikuwepo, lakini kilichowatambulisha mbele ya dola iliyokuwa ikiwaua ni uimbaji.

Wapinzani wa mafundisho ya kanisa nao walijua nguvu ya sauti. Katika karne ya 4, Arius wa Alexandria alieneza mafundisho yake juu ya Mwana kwa nyimbo ambazo, kwa masimulizi ya zamani, mabaharia na wasaga nafaka waliziimba kazini. Katika karne hiyohiyo Efrem wa Siria aliwajibu wazushi wa kwao kwa kutunga tenzi na kuwafundisha wanawake waziimbe kanisani. Kama wimbo ungekuwa hisia tupu, hakuna ambaye angeshindana na mwenzake kwa nyimbo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wimbo wake, Tukutendereza, una kiitikio cha Kiganda, na watu wasiojua Kiganda kingine chochote waliuimba wakijua fika unasema nini: damu ya Yesu imenitakasa. Waliuimba wakikutana njiani, wakiungama dhambi, wakipatana na majirani. Kisha ikaja Hali ya Hatari nchini Kenya, iliyotangazwa 1952. Wapo Wakikuyu wa Uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa. Unaweza kutofautiana nao kuhusu siasa ya wakati ule, maana ardhi ambayo Mau Mau waliidai ilikuwa imeporwa kweli. Lakini huwezi kusema watu hao walikuwa wamechangamshwa tu. Walichokiimba kwa miaka ndicho walichokisimamia.

Hofu ya hisia si ya kupuuzwa. Augustino aliungama kwamba kuna nyakati sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, akaona ametenda dhambi. Hata hivyo hakutaka uimbaji uondolewe, kwa sababu alikumbuka machozi aliyoyamwaga kanisani Milan wakati imani yake ilikuwa changa. Nami naona hatari hiyo hapa Nairobi: jukwaa lenye taa, waimbaji wanne na vipaza sauti, na mkutano mzima umesimama kimya ukitazama. Hapo kanisa haliimbi, linaimbiwa. Dawa yake ni kuwarudishia watu wimbo wao. Nenda City Mortuary asubuhi, mwili unapotolewa. Hakuna kinanda, hakuna jukwaa. Mama mmoja anaanzisha wimbo wa kitabu cha Tenzi za Rohoni, na hata waliokuja kuchukua marehemu mwingine wanauitikia kwa moyo, ubeti baada ya ubeti. Saa ile hotuba ndefu haiingii masikioni, na mhubiri mwenye busara huufupisha usemi wake.

Anayechagua nyimbo za Jumapili basi anachagua maneno ambayo waumini watayakiri sokoni wiki nzima na watayashika siku ya msiba. Kazi hiyo isiachiwe kijana wa kinanda peke yake Jumamosi usiku. Mchungaji akae naye, wapime kila wimbo unafundisha nini. Beti ziimbwe zote. Spika zipunguzwe mpaka mtu amsikie jirani yake. Na saa tatu ikifika, wazee wa kanisa wawe wa kwanza kusimama, vitabu vya nyimbo mkononi.